Kibao cha "karibuni" kimenitia wasiwasi

Mhariri,

Huu ni mwaka wa 24 naishi Uingereza. Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja wa nyasi ambako wanangu wawili walijifunzia baiskeli. Mwezi uliopita mwenye ardhi alisimamisha kibao cha kutukaribisha: mnaruhusiwa kucheza hapa. Majirani wakafurahi. Mimi nikashtuka.

Sheria ya mwaka 2006 (Commons Act) inawapa wakazi nafasi ya kuomba uwanja usajiliwe kuwa wa kijiji (village green), yaani ulindwe ili wakazi waendelee kuuchezea, wakithibitisha kwamba wengi wao wameuchezea na kupumzikia kwa miaka 20 bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila kupewa ruhusa. Naam, bila ruhusa! Ukikaribishwa kabla miaka 20 haijatimia, hesabu inakatika. Ikiwa ilishatimia, ruhusa hiyo haihesabiwi, lakini mkija kuzuiwa, hapa England mnabaki na mwaka mmoja tu wa kupeleka maombi halmashauri.

Waswahili wenzangu mnaoishi huku, msipuuze vibao vya namna hiyo. Mimi sasa nabisha hodi nyumba kwa nyumba nikitafuta picha za zamani zenye tarehe. Mzee mmoja, mbishi kwelikweli, ameniletea ya mbwa wake. Mbwa alishakufa zamani, lakini uwanja unaonekana wote nyuma yake.

Mama wa wawili,
Uingereza