Zile taa za angani, jibu nalo liwekwe ukurasa wa mbele

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hizi taa za angani, maana kila zikitokea watu wanarekodi na simu, klipu zinasambaa usiku kucha, huyu anasema kombora, yule viumbe wa sayari nyingine, mwingine mwisho wa dunia ndo huo, halafu asubuhi magazeti yanaandika TAA ZA AJABU ukurasa wa kwanza. Baadae inajulikana ni kipande cha roketi kilikuwa kinarudi duniani, na hiyo inapewa mistari miwili kurasa za ndani huko. Sio haki kabisa, kama msomaji mmemshtua ukurasa wa kwanza basi mtulizeni hapohapo.

Tena kutofautisha wala sio kazi. Kimondo kinapita sekunde chache kimeisha, kasi yake inaweza kufika kilomita 70 kwa sekunde. Vyuma vya setilaiti na roketi vinaingia na kilomita kama 7 au 8 kwa sekunde, tena kwa mlalo, ndo maana unaviona vinatambaa dakika nzima au zaidi, vinakatika katika, kila kipande na mkia wake, vyote vinaelekea upande mmoja kama msafara. Hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla inapata moto kupita kiasi, mwanga unatoka hapo. Na kwa kuwa viko juu kilomita 70, 80 hivi, mara nyingi husikii kitu.

Macho nayo yanadanganya jamani. Tarehe 3 Machi 1968 vipande vya roketi ya Wasovieti iliyorusha chombo cha Zond 4 viliungua juu ya Marekani, na kuna mashahidi walieleza chombo kimoja kirefu chenye madirisha yanawaka taa. Vilikuwa vipande vimeachana, ila lile giza la katikati akili ikaliunganisha likawa ubavu wa chombo. Hawakudanganya watu wale, ndivyo walivyoona, na ndo maana saa na uelekeo vina faida kuliko maelezo ya umbo, ukiwa navyo wataalamu wanalinganisha na njia ya chuma kilichotarajiwa kuanguka wanapata jibu.

Halafu sio vyote vinaishia juu. Januari 1978 setilaiti ya Kosmos 954 ilianguka kaskazini mwa Kanada ikiwa na mtambo wa nyuklia ndani. Na tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya roketi, upana kama mita 2.5 na uzito kama kilo 500, ilianguka kijiji cha Mukuku kule Makueni, Kenya. Kwahiyo mhariri, mkitoa picha ya taa wekeni na hili kwa herufi kubwa: ukikuta kipande usikiguse, usikibebe ukauze chuma chakavu, kinaweza kuwa na mabaki ya mafuta ya sumu kama haidrazini, zuia watoto wasisogee na uite polisi.

Msomaji wenu