Shukrani kwa mzee wa kofia ya kijivu

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, na hilo linanikera hadi leo. Mimi ni yule dada aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni ya ukaguzi wa panga za kale za Kijapani, pale hotelini Chicago, na upanga umeviringishwa kwenye taulo. (Taulo! Naona haya.) Babu wa mume wangu alirudi nao kutoka vita vya Pasifiki mwaka 1945.

Nilishanunua msasa, niung'arishe kabla wataalamu kutoka Japani hawajauona. Ukanizuia. Kutu nyeusi ya nakago, ile sehemu ya chuma inayojificha ndani ya mpini, ndiyo inayosema umri wa upanga. Ukiikwangua umeharibu ushahidi. Kisha ukagonga kijiti cha mwanzi kwa nyundo yako ndogo, mpini ukachomoka, saini ya fundi ikaonekana: Sukesada wa Osafune, Bizen, kule Japani. Nikashangilia. Wewe ukacheka tu, ukasema mafundi waliotumia jina hilo ni wengi mno, na waliolighushi nao hawahesabiki.

Kweli, saini ikakataliwa. Nilikaribia kulia. Ukauinamisha upanga chini ya taa, ukanionyesha hamon, ule ukungu mweupe unaofuata makali kama wimbi, na wala hukuharakisha, ingawa zamu yako ilikuwa imefika.

Kile kichupa cha mafuta ya choji, yale ya kupaka upanga, ulichonipa nimekifungua juzi. Kinanukia karafuu. Mimi mtoto wa Pemba, mzee wangu, nilikaa chini kabisa. Ahsante sana.