Aibu ya aliyetapeliwa inamfaa tapeli

Mhariri,

Kila Oktoba, mwezi wa uhamasisho kuhusu usalama wa mitandao, ofisi nyingi Nairobi hubandika mabango ya kutuonya tusimpe mtu nywila wala PIN. Sawa, lakini matapeli wengi siku hizi hata hawaulizi PIN.

Chukua ule ujumbe unaojulikana na karibu kila mwenye simu Kenya: "Ile pesa tuma kwa hii namba, ile ingine iko na shida." Hauna jina, hauna kiasi. Ukimfikia mtu anayesumbuliwa na landilodi mwisho wa mwezi, yaliyokosekana anajijazia mwenyewe. Huyo hata akiwa na digrii mbili, haraka yake inatosha kumponza.

Ofisini chambo ni heshima. Ijumaa saa kumi jioni mhasibu anapata ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya mkurugenzi: "Niko mkutanoni, usinipigie. Mlipe huyu sasa hivi, stakabadhi utaletewa Jumatatu." Nani atathubutu kupiga? Mahali ambapo kumuuliza mkubwa swali ni utovu wa nidhamu, tapeli hana kazi kubwa. Na si kwetu tu. Julai 2020 wafanyakazi wa Twitter, Marekani, walipigiwa simu na wahalifu waliojifanya wenzao wa idara ya teknolojia. Baadhi walihadaika, na akaunti ya Barack Obama ikatumiwa kuwaomba watu Bitcoin.

Kinachonikera zaidi ni yanayofuata. Aliyetapeliwa huanikwa mkutanoni, huandikiwa barua ya onyo, pengine hukatwa mshahara (kana kwamba pesa hizo alikula yeye). Atakayenaswa baada yake atanyamaza hadi Jumatatu. Ilhali ukituma M-Pesa kwa namba isiyofaa, ujumbe wa muamala unapaswa kufika 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, upesi, kabla mpokeaji hajazitoa kwa ajenti. Akishazitoa, zimekwenda.

Wakurugenzi waweke kwa maandishi kwamba agizo lolote la malipo linalokuja kwa ujumbe lithibitishwe kwa kumpigia mwenyewe, kwa namba iliyomo katika rekodi za ofisi, hata kama ujumbe unakataza. Pesa zitoke kwa idhini ya watu wawili. Anayejitokeza mapema kusema amenaswa asiadhibiwe. Na karani akimpigia bosi katikati ya mkutano, bosi apokee.

Mhasibu,
Industrial Area, Nairobi