Wafadhili wa okestra, kumbukeni nyuzi, viti na nauli

Mhariri,

Tangu Ghetto Classics, mradi wa kuwafundisha watoto muziki, ianze Korogocho mwaka 2008, Wakenya wamezoea kuona watoto wa mitaa ya mabanda wakibeba fidla na tarumbeta, na wa kutoa hawajakosekana. Aliyeacha kupiga fidla huitoa kabatini akaipeleka kwa okestra ya mtaani. Kampuni hununua ala kumi na picha ikapigwa. Wote hao wanastahili shukrani. Ombi langu ni kwamba wafadhili na wanaojitolea waufikirie pia mwaka wa pili wa ala hizo, maana hapo ndipo okestra changa hukwama: ala zipo stoo, lakini hazipigiki.

Tuanze na nyuzi. Okestra yenye fidla 20 na ndugu zake wakubwa, yaani viola sita, chelo sita na besi tatu, ina nyuzi 140, nne kwa kila ala. Ala ikipigwa kila wiki, nyuzi za fidla huchoka baada ya takriban mwaka mmoja. Sauti hufifia, na kwa kuwa uzi uliochakaa haulingani unene kutoka mwanzo hadi mwisho, hata mtoto mwenye sikio zuri hawezi kuweka kidole mahali sauti ikatoka sawasawa. Mwalimu humlaumu mtoto kumbe kosa ni la uzi. Uzi wa E, ambao ndio mwembamba kuliko wote, hukatika kwanza; kwa hiyo anayenunua seti kumi aongeze nyuzi tano za E pekee. Wanaoanza wanafaa nyuzi zenye kiini cha chuma, kwa kuwa hudumu na hazipotezi sauti haraka hali ya hewa inapobadilika. Nyuzi za chelo na besi ni ghali zaidi, ndiyo maana huachwa mpaka zikatike. Mfadhili mmoja akizibeba hizo peke yake atakuwa ameziba pengo kubwa.

Upinde wa kupigia ala hizo nao una nywele za farasi zipatazo 150, na hukatika moja moja. Ukipigwa kila wiki, unahitaji nywele mpya karibu kila mwaka. Mafundi wa kazi hiyo ni wachache, hivyo ni heri pinde zipelekwe kwa mafungu mawili wakati wa likizo ili mazoezi yasisimame. Upinde wa bei ya chini kabisa ni afadhali kuununua mpya, kwa kuwa kuuvisha nywele kunaweza kugharimu kuliko bei yake. Watoto wafundishwe kulegeza skrubu ya upinde kila wamalizapo kupiga, la sivyo kijiti hupoteza mkunjo wake. Na ala isifungiwe kwenye kasha miezi mingi: wadudu wapendao giza huzitafuna nywele hizo zikaisha.

Hali ya hewa ya Nairobi ina madhara yake. Januari na Februari mbao hukauka na kusinyaa, vigingi vya kukazia nyuzi huteleza na maungio ya fidla huachia pembeni. Mvua za masika zikija, vigingi huvimba vikakwama. Ungio lililoachia si msiba, kwa sababu fidla hugandishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo kwa makusudi huachia kabla mbao haijapasuka, na fundi huirudisha kwa gharama ndogo. Msiba ni mtu mwenye nia njema kupaka gundi kali ya dukani. Gundi hiyo haifunguki tena, na ala ikihitaji kufunguliwa siku nyingine, mbao itang'oka nayo. Na kwa kuwa joto pia huachisha maungio, ala zisiachwe kwenye buti ya gari juani wala kuning'inizwa chini ya mabati.

Anayetaka kutoa ala aikague kwanza. Ufa kwenye ubao wa juu, hasa karibu na daraja (kibao kinachoinua nyuzi), ni ukarabati mzito. Kigingi kinachoteleza ni jambo dogo. Ukubwa nao ni muhimu: ala zinazotolewa mara nyingi ni za watu wazima, ilhali watoto wa shule ya msingi wanahitaji nusu na robo tatu. Vipande vya mwanzi vya klarineti (ala ya kupuliza) vyenye ugumu wa namba 3.5 au 4 havina faida kwa anayeanza, kwani hatapata sauti. Mfadhili alete namba 2. Fidla ikisafirishwa kwa ndege, nyuzi zilegezwe kidogo tu. Ukizilegeza zote, kijiti cha ndani kinachoshikilia ubao wa juu huanguka, na kukirudisha kunahitaji chombo maalumu na mkono uliozoea. Aliye ng'ambo aombe msamaha wa ushuru kabla mzigo haujaondoka, maana ada za kuhifadhi mizigo hupanda kila siku karatasi zinapotafutwa.

Sasa nije kwa wanaojitolea. Wengi hudhani kwamba asiyejua muziki hana kazi kwenye okestra. Mimi naona kinyume chake: wapigaji huwa wapo, wanaokosekana ni watu wa viti. Viti vya plastiki vya kukodi vyenye mikono humzuia mpiga chelo kuvuta upinde na humbana mpiga fidla kiwiko. Vinatakiwa viti visivyo na mikono, vyenye kikalio bapa. Kwenye sakafu ya vigae chelo huteleza mbele, kwa hiyo kila mpiga chelo awe na mkanda wenye tundu la kuzuia ncha ya chelo, wa kufunga kwenye mguu wa kiti. Wapiga nyuzi wawili hutumia stendi moja ya noti, yaani karatasi za muziki; wapulizaji kila mmoja ana yake. Kwa okestra niliyoitaja, ikiwa na wapulizaji 12, mpiga timpani (ngoma kubwa za okestra) na mwongozaji, hizo ni stendi 32, na tamasha la nje linadai vibanio vya nguo viwili kwa kila stendi ili upepo usibebe karatasi. Watu wanne wakijua mpango huo, jukwaa huwa tayari kwa chini ya saa moja. Bila wao, watoto wanabeba viti kisha wanaketi kupiga mikono ikitetemeka.

Mtunza noti naye ni mtu wa thamani kubwa. Kabla ya zoezi la kwanza anakili kwa penseli alama za upinde kutoka karatasi ya kiongozi wa fidla hadi karatasi za stendi zote, ili pinde zote ziende juu na chini pamoja. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo noti za Mozart au Beethoven katika matoleo ya zamani huchapishwa bure. Mpangilio mpya wa kazi hizo una haki zake. Noti za kukodi zikiandikwa kwa kalamu ya wino, okestra hutozwa. Tena mwenye hesabu aulizwe kabla kazi haijachaguliwa. Simfoni ya Tano ya Beethoven inaonekana rahisi kuikusanyia watu, lakini sehemu ya mwisho inadai ala za kupuliza, yaani tromboni tatu, pikolo na kontrabasuni, ambazo hazikuhitajika kabla ya hapo. Hao ni watu watano wa kutafutiwa nauli.

Walimu wageni wanaokuja kwa wiki mbili wakae zaidi na walimu wa hapa kuliko watoto. Mtoto aliyebadilishiwa namna ya kushika upinde na mgeni, kisha mgeni akaondoka, hubaki na mikono miwili inayogombana. Na yeyote atakayefundisha watoto awe na cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), awe mgeni au mwenyeji.

Kuhusu fedha, tumezoea harambee ya siku moja. Okestra inahitaji zaidi shilingi mia tano za kila mwezi kutoka kwa watu mia kuliko mchango mkubwa mara moja, kwa kuwa nauli, uji wa watoto Jumamosi na kodi ya ukumbi hulipwa mwaka mzima. Tiketi hazitoshi, hata okestra kubwa za Marekani hutegemea michango. Okestra ya Wakimbanguisti (waumini wa kanisa la Kimbangu) ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza kwa fidla chache za kupokezana, na uzi ulipokatika waya wa breki ya baiskeli ulitumika. Ni moyo wa kuheshimiwa, ila mtoto wa hapa asifikishwe huko wakati nyuzi zinapatikana mjini.

Mchangiaji naye ana haki ya kuuliza. Aombe kuona daftari la ala lenye namba ya kila moja, fomu ambayo mzazi hutia sahihi mtoto anapokwenda na fidla nyumbani, na taarifa ya Paybill kila baada ya miezi mitatu. Asisitize kwamba sehemu ya mchango wake iandikwe "matunzo", na isiguswe kununulia ala mpya.

Mpenzi wa okestra,
Nairobi