Utafiti wa sehemu ya ndani ya kifaru

Ndugu wanakikundi,

Kabla hatujapaka rangi sehemu ya ndani ya modeli ya M4 Sherman, kifaru cha Marekani cha Vita vya Pili vya Dunia, tunayoiunda kwa kipimo cha 1:35, naomba kila mmoja aamue kwanza kifaru chake ni cha mwaka gani na cha jeshi lipi. Vifaru vya mwanzo vilihifadhi makombora kwenye rafu za pembeni, juu ya minyororo, mahali palipowaka moto upesi kifaru kilipopigwa. Kuanzia 1944, vingi vilivyotoka viwandani vilikuwa na rafu zilizohamishiwa sakafuni na kuzungushiwa kimiminika, hivyo sakafu nzima chini ya mnara wa mzinga ina sura nyingine kabisa. Redio ya vifaru vilivyotumiwa na Waingereza ilikuwa ya aina iliyoitwa Namba 19. Kuta za ndani zilipakwa nyeupe, lakini vifuniko vya juu, hata upande wa ndani, kwa kawaida vilikuwa kijani cha zeituni ili visionekane na adui vikifunguliwa.

Picha za makumbusho zinafaa sana kwa maumbo, ila kwa rangi mimi siziamini, kwani magari mengi yamepakwa upya. Tafadhali wekeni hapa picha za wakati wa vita na kurasa za miongozo ya mafundi mlizonazo.