Wale Ndege Weupe wa Gilgil

Nakuru, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Mimi na mama yako hatujambo. Goti lake limetulia, na mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kutoa mbelewele. Nakuandikia kwa sababu nina deni lako.

Unaikumbuka ile likizo tuliyosafiri pamoja kwenye lori, ukiwa darasa la pili, umekaa kiti cha utingo? Tulipofika karibu na Gilgil uliona ndege wakubwa weupe wakizunguka juu ya barabara, ukaniuliza wanaitwaje. Nikakujibu, "Ndege tu." Ukauliza tena, nikakwambia uniache niendeshe. Miaka yote niliyobeba mizigo kwenda Malaba, sikuwahi kuinua macho.

Wiki iliyopita nimeyainua. Tulikuwa tumekwenda Limuru kumwona shangazi yako, na wakati wa kurudi nikamwambia mama yako kwamba leo hatukimbizani na mtu. Tukateremka Bonde la Ufa polepole, Mlima Longonot ukiwa mbele yetu. Mama yako akataka tusimame kwenye kile kikanisa kilichojengwa na mateka wa Kiitalia mwaka 1942. Mara ngapi nimekipita nikipiga honi!

Wanaitwa mwari, mwanangu. Huzalia kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita. Maji ya pale ni ya magadi na samaki ni haba, kwa hiyo wazazi huwaacha makinda na kuruka hadi Ziwa Nakuru kuwatafutia chakula. Hawaondoki alfajiri. Husubiri jua liipashe ardhi moto, hewa ianze kupanda, nao wapande nayo wakizunguka, mbawa zimenyooka, hawazipigi. Niliegesha gari kando ya barabara mnamo saa nne, nikawatazama kwa ile darubini uliyonitumia mpaka mikono ikachoka. Kumbe siku zile mimi na wao tulikuwa njiani kwa kazi moja.

Nakuru hutaitambua. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, likameza hata lango la zamani la hifadhi. Maji yalipoongezeka magadi yakapungua nguvu, na ule mwani mdogo unaoliwa na heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, ukapungua pia. Heroe wengi wakahama. Ile pindo ya waridi uliyokuwa ukiichora shuleni, sikuiona. Iliniuma.

Basi kesho yake tukawafuata. Tukapita Mogotio, tukavuka ikweta, joto likazidi kila tulivyoshuka, hadi Ziwa Bogoria. Huko wapo! Chemchemi zinatokota ukingoni, mvuke unapanda, na nyuma ya mvuke heroe wameinamisha vichwa, midomo juu chini, wakichuja maji. Mama yako alikaa juu ya jiwe bila kusema neno kwa muda mrefu, nawe unamjua mama yako. Kijana aliyetutembeza alituambia kwamba wengi wa hao heroe wadogo huzaliwa Ziwa Natron, kule Tanzania.

Tulilala Kampi ya Samaki. Ziwa Baringo nalo limepanda, limewaondoa watu makwao. Migunga imekufa ikiwa imesimama majini, na mnandi wametua juu yake wakianika mbawa. Mwenye mashua alimtia samaki kipande cha mti chepesi ili aelee, akapiga mluzi, akamrusha. Kwazi, yule tai mla samaki, akatoka kwenye mti wa mbali, kichwa cheupe kama chokaa, akashuka na kumnyakua mbele yetu bila kulowesha kifua. Nilipiga kelele kama mtoto.

Majina yote nimeyaandika kwenye daftari la kaunta, lile nililokuwa nikiandikia mafuta na mizigo. Mpaka sasa ni thelathini na moja. Wawili sijawajua: mmoja mdogo, mgongo wa buluu, alikuwa mwambani kule Baringo, mwingine nilimsikia tu usiku.

Ukija Desemba, usipande basi la usiku. Panda la asubuhi, nitakungoja Gilgil saa nne kasoro. Darubini iko kabatini, nimeifunga kwa kitambaa. Mama yako anasema ulete kofia pana, Bogoria jua ni kali.

Nakupenda, mwanangu.

Baba yako