Chuma cha baharini hufa kikianikwa

Ndugu Mhariri,

Kusi likitulia na maji yakawa meupe, simu za watu wa Tanga hujaa picha: mtungi uliovaa chaza, bomba linalodaiwa kuwa mzinga, risasi za kijani kwenye kiganja. Karibu zote zimepigwa ufukweni, kitu kikiwa kimeshatolewa majini. Sisi tunaozamia kwa mitungi ya hewa tunaomba nafasi tueleze kwa nini kosa huanzia hapo.

Kwanza, macho ya chini ya maji hayaaminiki. Nyuma ya kioo cha miwani kila kitu huonekana kikubwa kwa thuluthi moja kuliko kilivyo, na kimesogea karibu kwa robo. Mtungi wa sentimita 30 utaapa ni wa 40. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea. Ukifika mita 20 hata damu ya kidole kilichochanwa na chaza huonekana ya kijani. Anayesimulia sanduku jekundu aliloliona mita 25 bila tochi, msikilizeni kwa adabu tu. Fimbo iliyochorwa alama kila sentimita 10, ikilazwa kando ya kitu na tochi ikawashwa, inamaliza ubishi wote wa baraza.

Chuma ndicho kinachoharibiwa zaidi. Kikikaa baharini miaka mia hujijengea gamba la chokaa, mchanga na kutu, gumu kama zege, na chumvi hupenya hadi kiini. Humo ndani kinadumu kwa sababu hewa ni haba. Kitoe, kianike juani, chumvi na hewa vikutane: kinapasuka na kumenyeka tabaka kwa tabaka. Chuma cha kusubu, kama cha mizinga na mipira yake, kinadanganya zaidi, maana umbo hubaki kamili huku chuma chenyewe kimeshayeyuka na kuacha kaboni laini kama ya penseli. Ukucha unaingia. Wahifadhi hukilaza kwenye maji yenye soda kaustiki, ile ya watengeneza sabuni, kama gramu 20 kwa lita, na kuyabadilisha mpaka chumvi iache kutoka. Kwa mzinga hiyo ni kazi ya miaka. Ndoo ya maji ya bomba haitoshi.

Wala gamba lisigongwe nyundo. Donge la shaba lililotolewa na wazamia sifongo wa Ugiriki huko Antikythera mwaka 1901 halikumshughulisha mtu mpaka mwaka uliofuata, gurudumu la meno lilipoonekana ndani yake. Ilikuwa mashine ya kukokotoa mienendo ya jua na mwezi, ya zaidi ya miaka 2,000.

Mafundi wa majahazi wanajua kwa nini chombo hupakwa deheni: mbao tupu huliwa na wadudu wa baharini. Kwa hiyo mbao za kale zinazopatikana ni zile zilizozikwa kwenye tope, na zinasimama kwa sababu zimejaa maji. Zikikauka hunywea na kujikunja. Wasweden walipoiinua Vasa, meli yao ya kivita ya kale, mwaka 1961 waliinyunyizia dawa miaka 17 ndipo wakaanza kuikausha. Vyombo vya udongo vina nafuu: viwekwe kwenye maji yale yale ya bahari, kisha yapunguzwe chumvi kidogo kidogo kwa maji baridi. Ila kabla ya kutia mkono ndani ya mtungi, kumbukeni kwamba una mpangaji. Akiwa pweza, heri. Akiwa mkunga, yule samaki wa umbo la nyoka, mtahesabu vidole.

Risasi tunaziogopa kwa sababu. Tarehe 14 Aprili 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa mizinga humo. Nahodha aliizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi ili moto usifike kwenye shehena, na Wajerumani wakatuma wazamiaji kutoa bunduki na risasi. Risasi nyingi zilikuwa zimelowa, ikabidi zifunguliwe moja moja na baruti ianikwe. Makombora mengi ya Waingereza ya enzi ile yalijazwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa na metali hutoa chumvi zinazoweza kulipuka kwa msuguano tu. Miaka mia haiyapozi. Chupa ya baruti ya wavuvi haramu iliyogoma kulipuka ni vivyo hivyo: usiiguse, usiifunge kamba, rudi ulikotoka, kaite polisi.

Wapo wanaoinua kitu kizito kwa kujaza hewa jaketi lao la kuzamia. Mita 20 chini shinikizo ni mara tatu ya juu, hivyo lita 10 za hewa zitakuwa 30 zikifika juu. Mzigo ukiponyoka, mzamiaji hupaa kama kizibo, wakati mwendo salama ni mita 9 kwa dakika na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Akiwa amebana pumzi, mapafu yanachanika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu inavyovilinda moja kwa moja, yaani vya kabla ya hapo. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unahesabu kuwa urithi chochote cha binadamu kilicholala majini miaka 100. Vitu vya Manza vimeangukia katikati ya mipaka hiyo miwili, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi mwaka. Tunaomba wahusika wa mambo ya kale wavitangaze kuwa vya kulindwa.

Mvuvi au mzamiaji akiona kitu, achukue alama mbili za nchi kavu kama wazee wanavyofanya, mnara juu ya mnazi, kilima juu ya paa, kisha awape BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) na Afisa Mambo ya Kale. Akitaka kuweka boya, dumu la lita 5 linatosha, lakini kamba ifungwe kwenye jiwe la pembeni, si kwenye kitu chenyewe, na izidi kina kwa mita nne. Bamvua ya Tanga hupandisha maji zaidi ya mita tatu, na kamba fupi italizamisha dumu.

Wazamiaji,
Tanga